Yadi Mbili za Sare

Sare yetu ilikuwa kitenge cha kijani chenye miavuli ya manjano. Tuliichagua pamoja, sisi akina mama wa ibada ya Kiswahili, tukacheka kwamba mtu anayeishi Birmingham ni heri avae mwavuli kabisa. Jora moja lilinunuliwa London, likaja kukatwa juu ya meza katika ukumbi tuliokuwa tukikodi Jumapili mchana. Kila mama alipata yadi sita: nne za gauni, mbili za kujifunga kiunoni au kujitanda begani. Wengi wetu walikuwa Wakongo wa mashariki, sisi Wakenya tulikuwa wachache, na siku ile ya kukata kitambaa ndiyo pekee ninayoikumbuka ambayo hakuna aliyemcheka mwenzake kwa Kiswahili chake.

Sare ilikuwa ya walioolewa. Mimi sikujaliwa mtoto, lakini nilikuwa nimeolewa na kufiwa na mume kabla sijaja Uingereza, kwa hiyo nilihesabiwa. Wasichana hawakuhesabiwa. Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka ishirini na miwili aliyeishi kwa baba yake mdogo, upande wa Alum Rock. Mke wa huyo baba mdogo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu. Msichana alishika ncha ya kitambaa tangu mwanzo hadi mwisho wakati mwenyekiti anakata, na mwishoni akaomba kipande chembamba tu, cha kufungia nywele. Mwenyekiti akamwambia angoje apate mume, atafungwa kitambaa kutoka kichwani hadi miguuni. Tulicheka sote. Mimi pia nilicheka.

Siku zangu za kupumzika zilikuwa Jumatano. Nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na nilipanga chumba Kings Heath, juu ya duka la fundi viatu. Msichana alizoea kuja Jumatano kunisuka. Aliniita yaya, kwa maana ya dada mkubwa, kama wanavyosema kwao. Kwetu Kenya yaya ni mtu aliyeajiriwa kulea watoto, nami nilimtania kila mara kwamba kama ni hivyo basi anilipe mshahara. Alikuwa akicheka kwa kufunika mdomo. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mpaka leo sijapata mtu wa kunisuka bila kuniumiza kichwa kama yeye.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata nilikuwa nimekaa chini, yeye amekaa kitandani nyuma yangu, tumbo lake likagusa mgongo wangu. Halafu tumbo lile likacheza. Sikugeuka. Naye hakusimamisha mkono. Alimaliza msuko aliokuwa nao, akaufunga, ndipo akasema, "Ndiyo, yaya."

Baba wa mtoto sikumuuliza ni nani. Wakati ule nilidhani kutouliza ni heshima. Aliniambia tu kwamba baba yake mdogo alikuwa mzee wa kanisa na alishasema mezani, mbele ya watoto, kwamba aibu ikiingia nyumbani kwake itatoka na aliyeileta. Karatasi zake zote za kuomba hifadhi zilikuwa na anwani ya nyumba ile. Akifukuzwa, hakujua barua za serikali zingemfuata wapi. Alivaa koti kubwa la mvua ndani na nje, na kwa kuwa kila mtu alikuwa akilalamikia baridi, hakuna aliyemshangaa.

Dada yangu wa tumbo moja alikuwa Amerika. Tulizungumza kwa kadi za simu. Siku moja nilimweleza habari za msichana bila kutaja ni nani, naye akaniambia kwamba hilo si jambo gumu, kwa sababu iko sheria. Mama akishindwa na mtoto mchanga, humkabidhi hospitalini au kwa wazimamoto, haulizwi jina wala polisi hawamfuati. Alisema wanafundishwa hata shuleni. Nilifurahi sana. Niliishia darasa la saba, na si mara nyingi katika maisha yangu nimekuwa na jambo la kumfundisha mtu.

Kwetu tunasema majuu. Mtu akienda Amerika ameenda majuu, akienda Uingereza ameenda majuu, na akirudi kutoka kokote huko anaulizwa majuu kukoje. Miaka niliyokaa Birmingham ilikuwa imetosha kunifundisha kwamba si mahali pamoja. Lakini kichwani mwangu sheria za wazungu zilikuwa bado zimekaa katika kabati moja.

Jumatano iliyofuata nilimwambia. Aliniuliza mara ya kwanza, halafu akaniuliza tena wakati anachana nywele, halafu tena mlangoni akiwa amevaa viatu.

"Yaya, bataniuliza jina?"

"Hawaulizi."

"Na polisi?"

"Hawamfuati mtu. Ni sheria ya huku."

Nilisema ya huku. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilitanguliza kusema nadhani, au nimesikia. Sikutanguliza.

Mtoto alikuja mwezi wa nne, mwezi ule kiwanda cha magari cha Longbridge kilipofungwa. Nakumbuka kwa sababu mzee mmoja niliyekuwa nikimwogesha alikuwa amefanya kazi huko maisha yake yote, na kila asubuhi aliniuliza kama lango limefunguliwa. Msichana alifika Jumatano asubuhi akitembea kwa kushika ukuta. Nilitaka kupiga simu kwa gari la wagonjwa. Nilikuwa nimeshika simu mkononi. Akanishika kifundo cha mkono, akatikisa kichwa, nami nikaiweka simu chini. Ningependa kusema niliiweka kwa ajili yake tu. Lakini kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa kimekwisha tangu mwaka uliotangulia, na nilijua wakija watauliza hapa ni kwa nani.

Kabla ya saa sita mchana mtoto alikuwa amezaliwa, wa kiume. Nilichemsha mkasi. Nilifunga kitovu kwa uzi mpya. Kondo la nyuma lilipotoka nililiangalia nikaona limetoka lote, lakini mimi nilikuwa mtu wa wazee. Nilichokijua ni vidonda vya mgongo na jinsi ya kumlisha mtu asiyeweza kumeza. Nilisema limetoka lote kwa sababu nilitaka liwe limetoka lote.

Mtoto nilimzungushia taulo. Msichana akamwangalia kwa muda, akasema anaonekana kama kitu cha hospitali, si mtu mwenye mama. Basi nikavuta droo, nikatoa zile yadi mbili za sare. Msichana alizipokea. Akazipitisha shavuni, akamfunga mtoto mwenyewe, vizuri sana, miavuli yote ikiangalia juu. Ndiyo mara pekee aliyowahi kuitumia ile sare.

Alimnyonyesha, akalala kidogo, akaamka. Alasiri tulipanda basi namba kumi na moja, lile linalouzunguka mji mzima na kurudi lilipoanzia. Mtoto alikuwa ndani ya lile koti. Mzungu mmoja mzee alimpisha kiti, na msichana akamshukuru kwa Kiingereza chake cha darasani. Tulishuka karibu na kituo cha wazimamoto. Mimi nilibaki kwenye kibanda cha basi, ng'ambo ya barabara. Tulikuwa tumekubaliana kwamba watu wawili wangeonekana vibaya. Ni mimi niliyependekeza hivyo.

Alimweka mlangoni, akabonyeza kengele, akaenda kusimama nyuma ya ukuta mfupi wa jirani. Nilikuwa nimemwambia akibonyeza aondoke mara moja. Hakuondoka. Mlango ulifunguka, akatoka mwanamume mrefu, akatazama huku na huku, kisha chini. Akapiga magoti. Akamwinua mtoto kwa mikono miwili polepole, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa, akaingia naye. Ndipo msichana akavuka barabara. Alisema tu, "Amemushika muzuri." Nikamwambia unaona, ni sheria.

Ijumaa picha ya sare ilikuwa katika gazeti la mji.

Niliikuta kwenye meza ya chai kazini. Kitambaa kilikuwa kimetandazwa, miavuli yote inaonekana. Polisi walikuwa wakiuliza nani anakitambua. Walisema mtoto ni mzima, ila wanamhofia mama yake, huenda anahitaji daktari haraka, na wanamsihi ajitokeze. Nilisoma maneno hayo. Nayaandika ili isije ikadhaniwa kwamba sikuyasoma. Mwenzangu wa zamu, mama wa Kijamaika aliyekuwa mwema kwangu siku zote, aliniuliza kama si nguo ya kwetu hiyo. Nikamjibu kwamba Afrika ina nchi nyingi.

Kuanzia hapo nilielewa kwamba sheria yangu haikuwapo. Mahali ambapo sheria ipo hawapigi picha nguo. Nilimpigia msichana simu, akajibu kwa sauti ndogo kwamba yuko jikoni na watu wapo. Nikamwambia asiseme kitu kwa mtu yeyote. Sikumwambia kwamba gazetini wamesema aende kwa daktari.

Jioni hiyo hiyo mwenyekiti alitupigia simu mmoja mmoja. Alisema Jumapili kila mama aje na sare kamili, gauni na kitambaa chake, asikose hata mmoja, ili ijulikane mbele za Mungu kwamba jambo hili si letu. Kwangu aliongeza utani. "Na wewe dada, usituletee gauni peke yake kama kuku aliyenyonyolewa upande mmoja."

Jumamosi niliomba ruhusa kazini, nikaenda Alum Rock. Barabara ile ni ndefu na karibu kila duka lina vitambaa, lakini vingi ni vya Wahindi na Wapakistani. Niliingia duka baada ya duka nikiuliza. Katika duka moja lililouza masanduku, mawigi na unga wa muhogo nilikuta kitenge chetu kwenye rafu ya juu, miavuli ile ile. Nilikatiwa yadi mbili. Nilipofika chumbani niliziweka kando ya gauni langu nikaona tofauti. Gauni lilikuwa limefuliwa mwaka mzima, kijani chake kimetulia, na hiki kipya kilikuwa kinawaka. Nikakifua kwa maji ya moto. Nikakianika kwenye hita, nikakifua tena, mara tatu kwa siku moja. Msichana alikuwa umbali wa dakika tano kutoka duka lile. Sikwenda kumwona. Nilikuwa na haraka ya kufua.

Jumapili tulisimama mistari miwili mbele ya ukumbi. Mwenyekiti alipita akitutazama, akigusa bega la kila mmoja kama mwalimu anayekagua kucha. Alifika kwangu, akashika ukingo wa kitambaa changu, akausugua kati ya vidole viwili, akaenda kwa mwingine. Mwishoni akasema si letu, Bwana asifiwe, na watu wakapiga vigelegele. Msichana alikuwa kiti cha nyuma na koti lake. Hakupiga kigelegele.

Baadaye alinifuata kwenye ujia wa kwenda chooni. Mikono yake ilikuwa na moto. Alisema anasikia baridi na tumbo linamkata chini. Nilimpa vidonge viwili vya maumivu vilivyokuwa mkobani, nikamwambia anywe maji mengi na apumzike, siku tatu homa itakwisha. Akaniuliza kama mtoto bado wako naye wale wa moto. Nikasema ndiyo. Alitazama kitambaa kiunoni mwangu, akatabasamu, akasema, "Umepata ingine." Hakuwa ananisuta. Alinifurahia.

Jumanne alianguka nyumbani. Alhamisi akafa hospitalini, kwa maambukizi ya tumbo la uzazi.

Hospitali ilijua mara moja kwamba amezaa karibuni, na polisi wakajua ni mama wa nani. Baba yake mdogo aliulizwa kama nyumba yake ingemchukua mtoto. Akasema hapana. Mtoto akabaki kwa walezi, na baadaye tukasikia kwamba ameasiliwa na watu wa mji mwingine.

Katika matanga mwenyekiti alisimama akaeleza, maana watu walikuwa wakinong'ona. Alisema msichana aliwaficha wote, alizaa peke yake hakuna ajuaye wapi, akamtupa mwanawe. Kuhusu sare, alisema kulikuwa na masalio ya jora kabatini kwake na msichana aliyaiba. Watu waliguna. Mama mmoja karibu yangu alisema na kweli, alikitamani kile kitambaa tangu siku ya kukata, hamkumbuki alivyoomba? Nilikuwa na jibu kinywani. Nikalimeza.

Tulimzika siku ya mvua. Akina mama tulivaa sare, ndiyo iliyokuwa desturi yetu kwenye misiba. Udongo wa Birmingham ni mzito, unanata viatuni. Nilisimama mstari wa pili, gauni la mwaka jana na kitambaa cha wiki ile, nikaimba. Sikulia. Ningelia wangeniuliza alikuwa nani wako, nami sikuwa na jibu ambalo lingeishia hapo. Nimemlia peke yangu, Jumatano zangu, na nywele nimezikata fupi.

Miaka minne ilipita. Kibali changu cha kukaa nchini kilikuja mwaka wa 2009, kwenye bahasha ya kahawia. Nilikiweka mezani nikakitazama siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kwa mwenyekiti. Ningeweza kusema dhamiri ilinisukuma, lakini dhamiri ilikuwapo miaka yote minne. Kilichokuwa kimepungua ni karatasi.

Alikuwa anamenya viazi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: simu ya dada yangu, chumba changu, basi, duka. Hakusimamisha kisu. Nilipomaliza alisema, "Kaa kwanza."

Nikakaa.

"Nilijua Jumapili ile ile," akasema. "Nguo ya mwaka mmoja haikwaruzi vidole. Na masalio hayakuwapo. Jora liliisha siku ile tulipolikata."

Nilimuuliza kwa nini basi alisema msichana aliiba.

"Kwa sababu polisi wangeuliza nani alimpa, na ungesema alikuwa kwako, na wangeniuliza mimi, wewe uliishi naye, hukuona tumbo?" Aliweka kisu chini. "Niliona, dada. Toka Krismasi niliona. Nilikuwa nangoja aniambie."

Hatukushikana mikono wala kuombeana. Nilimsaidia kumenya viazi vilivyobaki, kwa sababu vilikuwa vingi. Alinipa anwani ya ofisi ya ustawi wa jamii iliyokuwa imemwandikia mume wake.

Huko nilipokewa na mama mtu mzima, Mwingereza, mwenye miwani ya kamba. Alinisikiliza bila kuandika. Kisha akaniambia kwa upole kwamba nchi hii haina sheria kama ile wala haijawahi kuwa nayo, na kumwacha mtoto mchanga ni kosa. Lakini akasema jambo jingine ambalo ndilo lililoniketisha pale hata nilipotaka kuinuka. Msichana angeweza kwenda hospitali kuzaa, akawaambia wakunga kwamba hawezi kukaa na mtoto. Wangemtafutia mtoto wazazi, taratibu, na nyumba ya baba yake mdogo isingepelekewa habari bila yeye kutaka. Wangemuuliza jina, ndiyo. Wangemuuliza jina na wangemtibu.

Nilimuuliza katika faili la mtoto pameandikwaje. Akasema hawezi kunionyesha, lakini anajua lina nguo ndani yake na taarifa za polisi. Akasema yale ya kawaida, kwamba alikutwa ameachwa. Siku atakapokuwa mkubwa anaweza kuomba kulisoma.

Nikamwomba karatasi. Akaniuliza kama nataka aniandikie yeye kwa Kiingereza. Nikasema niandike kwanza kwa Kiswahili, yeye atafute wa kutafsiri, kwa kuwa kwa Kiingereza ningeweza kujificha.

Niliandika kwamba mama yake hakumtupa. Aliuliza mara tatu kama ni salama, akaambiwa ni salama na mtu aliyemwamini. Alimnyonyesha. Alimfunga kwa mikono yake mwenyewe katika nguo ambayo yeye hakuwahi kuruhusiwa kuivaa, na hakuiiba, alipewa. Alikatazwa kungoja, akangoja nyuma ya ukuta mpaka alipoona ameshikwa vizuri. Niliandika kwamba alikuwa akicheka kwa kufunika mdomo, na kwamba alikuwa na vidole vyepesi, labda naye anavyo.

Yule mama alisoma umbo la mwandiko wangu tu, maana maneno hakuyajua. Akanionyesha chini ya ukurasa, akaniambia mtoto atataka kujua anayeandika haya ni nani kwa mama yake. Rafiki? Ndugu?

Sikuwa ndugu yake. Rafiki sikuweza kuandika. Niliandika: Mimi ndiye niliyemwambia ni sheria.